Barua ya Wazi kwa Waganga Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini: Moyo Unapoelemewa Wodini, Kiandikwe Kilichouelemea

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe;
Kwa Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa, za wilaya na za mashirika ya dini katika mikoa hiyo.
Nakala: Makatibu Tawala wa Mikoa.

YAH: VICHOCHEZI VYA MOYO KUSHINDWA KUFANYA KAZI KWA GHAFLA MIONGONI MWA WAGONJWA WALIOLAZWA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita katika wodi za magonjwa ya ndani na za upasuaji za ukanda huu. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kutekelezwa na muuguzi wa zamu pasipo agizo lenu, na kwa sababu ndugu wa wagonjwa nao wana haki ya kulijua. Ninaomba kwamba kila mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi kwa ghafla, yaani umeshindwa kusukuma damu vya kutosha hadi maji yakajaa mapafuni au mwilini, awe ameletwa katika hali hiyo au imemkuta kitandani, aandikiwe kwenye jalada lake, mbali na jina la ugonjwa, kitu kilichoichochea hali hiyo. Ninaomba pia kwamba vile vichochezi vinavyotoka hospitalini kwenyewe, yaani vile ambavyo mgonjwa asingekutana navyo kama asingelazwa, viwekewe utaratibu wa kuvizuia.

Fungueni majalada ya wodi yoyote ya magonjwa ya ndani, mtakuta imeandikwa kwamba mgonjwa ana moyo uliopanuka kwa sababu ya presha, na maandishi yanaishia hapo. Lakini mgonjwa huyo alikuwa na presha mwaka jana, na mwezi uliopita alikuwa nayo pia, huku akipalilia viazi vyake na kutembea mwenyewe hadi gulioni. Presha ya miaka mingi inaeleza kwa nini moyo wake ni dhaifu, ila haielezi kwa nini usiku wa juzi aliamka akihema, akashindwa kulala chali, akaletwa hospitali akiwa amekaa wima kwenye kiti cha gari huku povu likimtoka. Lori bovu lililojaza mizigo linaweza kusafiri tambarare siku nzima bila dereva kuona dalili yoyote, likafika mlima wa Kitonga likakwama. Fundi anayeandika kwamba injini ni kuukuu amesema kweli, lakini hajasema habari za mlima. Sisi tumezoea kuandika habari za injini tu. Mgonjwa anapewa dawa ya kukojoza, maji yanapungua, anaruhusiwa, na mlima ule ule unamsubiri nyumbani au katika wodi nyingine.

Jambo hili lilipimwa kwa makini nchini Marekani, katika daftari kubwa la wagonjwa lililokusanywa katika hospitali 259 kati ya mwaka 2003 na 2004. Kati ya wagonjwa zaidi ya 48,000 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi, asilimia 61 walikuwa na kichochezi kimoja au zaidi kilichotambulika. Nimonia na magonjwa mengine ya mfumo wa hewa yaliongoza kwa asilimia 15.3, yakifuatwa na moyo kukosa damu ya kutosha kwa asilimia 14.7, mapigo ya moyo yaliyovurugika kwa asilimia 13.5, presha isiyodhibitiwa kwa asilimia 10.7, kutotumia dawa kama ilivyoelekezwa kwa asilimia 8.9, figo kudhoofika kwa asilimia 6.8, na kutofuata masharti ya chakula kwa asilimia 5.2. Waliochochewa na nimonia, na moyo kukosa damu, au na figo walikufa wodini kwa wingi zaidi kuliko wengine, wakati wale waliochochewa na presha iliyopanda walipona kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo thamani ya kukijua kichochezi inapoonekana, kwa kuwa wagonjwa wawili wenye pumzi fupi na miguu iliyovimba kwa namna ile ile wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa.

Hata hivyo orodha ya Marekani haiwezi kuhamishiwa Mafinga au Tukuyu kama ilivyo. Wagonjwa wale walikuwa na umri wa wastani unaozidi miaka 70. Wagonjwa 1,006 waliochunguzwa katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika kati ya mwaka 2007 na 2010 walikuwa na wastani wa miaka 52, karibu nusu yao moyo wao uliharibiwa na presha, na wale wa mishipa ya moyo iliyoziba hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Muhimbili nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, presha ilichukua asilimia 45, na katika utafiti uliofuata zaidi ya nusu ya wagonjwa wa moyo walikutwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo orodha yetu ni lazima tuiandike wenyewe, katika wodi zetu, na haiwezi kuandikika kama majalada yetu hayana mahali pa kuiandika.

Nianze na kichochezi ambacho naamini kinatuumizia wagonjwa wengi kuliko tunavyokubali: dripu.

Lita moja ya maji ya chumvi ya kawaida, yale ya asilimia 0.9, ina gramu 9 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Mgonjwa wa upasuaji anayewekewa lita tatu kwa siku kwa sababu "bado hajaanza kula" anakuwa amepokea gramu 27 za chumvi, na hizo zinaingia moja kwa moja kwenye damu bila kupitia tumboni. Maji ya Ringa, ambayo ni dripu ya aina nyingine, yana sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, pungufu kidogo tu. Kijana mwenye figo na moyo mzima atayakojoa. Mama wa miaka 60 mwenye presha ya miaka kumi, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye matope, hatayakojoa kwa kasi hiyo. Siku ya pili ataanza kukohoa, siku ya tatu atasemwa kwamba amepata nimonia ya baada ya upasuaji, na atawekewa antibiotiki ndani ya dripu nyingine.

Sisemi kwamba dripu ni mbaya. Anayevuja damu, anayeharisha hadi macho yakaingia ndani, ambaye presha yake imeshuka kwa sababu ya maambukizi, wote wanahitaji maji, na wengine wanayahitaji upesi. Ila hata huko tunapaswa kuwa waangalifu. Lusaka, kwa majirani zetu, watu wazima waliokuwa na maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU, walihudumiwa kwa makundi mawili: kundi moja kwa mwongozo wa kuwapa maji mengi mapema, pamoja na dawa za kupandisha presha na damu ilipohitajika, na kundi la pili kwa namna ya kawaida ya wodi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kundi la kwanza, lililopata lita 3.5 katika saa sita za mwanzo dhidi ya lita 2 za wenzao, lilipoteza asilimia 48 ya wagonjwa, na la pili asilimia 33. Si vifo vyote hivyo vilitokana na moyo, wala siwezi kudai hivyo, lakini hakuna msimamizi wa hospitali anayeweza kuyasoma matokeo hayo akaendelea kuiona chupa ya maji kama kitu kisichohitaji mipaka.

Ninachokiomba kwa dripu ni kidogo. Kila inapoandikwa, iandikwe kwa sababu gani, kwa kasi gani na ikome saa ngapi. Dripu isiyo na saa ya kukomea hurithiwa na zamu inayofuata, nayo zamu hiyo, kwa nia njema kabisa, hufungua chupa nyingine pindi ya kwanza inapokwisha. Anayepokea zamu ahesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, asikilize sehemu za chini za mapafu, na aangalie mkojo. Karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka tunayo katika hospitali zote, lakini katika nyingi hujazwa upande wa kuingia tu, na upande wa kutoka huachwa wazi hadi mgonjwa anaporuhusiwa.

Damu ni kaka yake dripu. Mgonjwa aliyeishi miezi mingi na damu kidogo, kwa minyoo, kwa hedhi nyingi, kwa figo au kwa VVU, moyo wake umekwisha kujizoeza kusukuma haraka na kwa wingi ili kufidia upungufu huo. Mishipa yake si mitupu kama ya mtu aliyevuja damu jana. Imejaa damu nyepesi. Akipewa chupa mbili mfululizo kwa sababu ndugu wamekwisha kuchangia na chupa zipo, anaweza kujaa maji kwenye mapafu wakati damu ikiendelea kuingia au saa chache baadaye, na kwa kuwa tumefundishwa kuogopa zaidi damu isiyooana, tutatafuta homa na upele, tusitazame shingo yake ambayo mishipa imesimama. Kwa mgonjwa wa namna hii chupa moja hutosha kwa mara moja, tena iende polepole bila kuzidi muda wa saa nne, daktari aamue mapema kama anahitaji dawa ya kukojoza, na kipimo cha damu kirudiwe kabla ya chupa ya pili. Tena, ikiwezekana, isianzishwe usiku wa manane wodi ikiwa na muuguzi mmoja. Wasioweza kusubiri mapambazuko wapo, lakini wengi wanaweza.

Kichochezi cha tatu kinatokea mlangoni mwa wodi. Mgonjwa analetwa kwa jipu, kwa ngiri au kwa mguu uliovunjika, na ndani ya kikapu cha ndugu zimo dawa zake za moyo: furosemidi, enalaprili au losatani, karvediloli, spironolaktoni. Anaambiwa aachane na dawa za nyumbani, sasa atatumia za hospitali. Kisha za hospitali zinaandikwa za jipu peke yake. Siku inayofuata anafungishwa kula kwa ajili ya upasuaji, upasuaji unaahirishwa, anafungishwa tena, na katika siku nne hajameza kidonge hata kimoja cha moyo, huku dripu ikiendelea. Dawa za kundi la karvediloli zikikatwa ghafla, mapigo ya moyo hupaa na presha hupanda. Za kukojoza zikikatwa, chumvi na maji hurudi. Ziko nyakati ambapo daktari ni lazima asimamishe baadhi ya dawa hizo, kwa mfano presha ikiwa chini sana au figo zikiwa zimechoka, na huo ni uamuzi wenye sababu unaoandikwa pamoja na siku ya kuzirudisha. Dawa zinazosahaulika kikapuni hazina sababu, na hakuna anayepangiwa kuzirudisha. Agizeni basi kwamba kila anayepokelewa katika wodi yoyote, ya upasuaji na ya wazazi pia, aandikiwe orodha ya dawa alizokuwa akitumia nyumbani, na mbele ya kila moja liwekwe neno: iendelee au isimame.

Na zile tunazomwongezea nazo zitazamwe. Diklofenaki ndiyo sindano ya maumivu inayochomwa zaidi katika wodi zetu, na ibuprofeni ndiyo kidonge anachopewa karibu kila anayeruhusiwa akiwa na maumivu. Dawa za kundi hili huifanya figo ishikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa za kukojoza, kiasi kwamba mgonjwa wa moyo aliyekuwa ametulia anaweza kuvimba ndani ya siku chache. Kwa maumivu ya mgonjwa wa namna hiyo ipo parasetamoli, na yanapokuwa makali ipo mofini kwa usimamizi. Deksamethasoni, prednisoloni na haidrokotisoni nazo hushikilia maji au kupandisha presha na sukari, na huchomwa kwa wepesi mno kwa kila anayekohoa na kukoroma kifuani. Mzee ambaye kifua kinalia kwa sababu ya maji ya moyo, akitibiwa kama mwenye pumu kwa siku tatu, anazidi kuzama. Katika mikoa yetu ambako akina mama wamepikia kuni kwenye majiko ya ndani miaka yote, mapafu mabovu na moyo mbovu mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja, na hilo linazidisha haja ya kutazama kabla ya kuchoma.

Vichochezi vingine mnavijua, nami nitavipitia kwa haraka. Nimonia ya miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, inajaza wodi za Njombe na Makete, na mgonjwa wa moyo akiipata huzidiwa kabla homa haijapanda. Mapigo yaliyovurugika yanaweza kuletwa na potasiamu iliyoshushwa na dawa za kukojoza, na pombe, na hasa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ni vyema historia iulizwe bila kumwaibisha mtu. Moyo kukosa damu ya kutosha hauji daima na maumivu ya kifua, hususan kwa wenye kisukari. Unaweza kuja kama pumzi fupi peke yake, na pasipo kipimo cha umeme wa moyo hautajulikana. Nyanda hizi zilijulikana kwa rovu kwa vizazi vingi kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto, na bado wapo wazee wenye uvimbe shingoni ambao tezi yao hufanya kazi kupita kiasi. Mzee anayekonda, anayetetemeka mikono na ambaye mapigo yake hayana mpangilio, shingo yake ishikwe.

Ila kuna kimoja nisichoweza kukipita haraka, kwa sababu matibabu yake yanakwenda kinyume cha mazoea. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Panapokuwa na VVU kwa kiwango hicho pana kifua kikuu, na kifua kikuu huingia kwenye mfuko unaoufunika moyo na kuujaza maji. Mgonjwa huyo ana miguu iliyovimba, ini lililokua, mishipa ya shingo iliyosimama na pumzi fupi, kama wengine wote, na anaandikiwa dawa ya kukojoza kama wengine wote. Lakini moyo wake umebanwa kutoka nje na unategemea damu inayorudi kuujaza. Ukipunguza maji ya mwilini kwa nguvu, presha inaanguka na anaweza kufa wakati kiasi cha mkojo kinaonekana kwenda vizuri. Anachohitaji ni kutolewa maji kwenye mfuko wa moyo na kuanzishiwa dawa za kifua kikuu. Vivyo hivyo aliyelala wiki tatu na mguu uliofungwa uzito, ambaye pumzi inakatika ghafla na mapafu yakisikika safi, huenda ana donge la damu lililokwama kwenye mshipa wa pafu. Kama jalada lingekuwa na swali moja la lazima, nini kimechochea, angalau mtu mmoja angesimama na kufikiri kabla ya sindano kuchomwa.

Wodi ya wazazi inahitaji agizo lake. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba ana mishipa inayovujisha maji na presha iliyopanda, na mapafu yake hujaa kwa kiasi cha dripu ambacho mama mwingine asingekisikia. Ndiyo maana miongozo mingi inataka maji yake yote, pamoja na yale yanayobeba dawa, yasizidi takriban mililita 80 kwa saa. Hatari haiishi mtoto akizaliwa. Mara kondo linapotoka, damu iliyokuwa kwenye kizazi hurudi kwenye mzunguko, na katika siku mbili tatu zinazofuata maji yaliyovimbisha miguu nayo yanarudi, wakati ambapo sisi tumekwisha kumhamishia kitanda cha waliojifungua salama na kupunguza kumtazama. Sindano ya egometrini isichomwe kwa mwenye presha. Yupo pia binti ambaye valvu ya moyo wake ilikazwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni pasipo yeye kujua. Mapigo yanapokwenda mbio kwa uchungu wa kuzaa, moyo wake haupati nafasi ya kujaa, na maji hurudi nyuma kwenye mapafu. Na yupo mama ambaye misuli ya moyo inadhoofika mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Anaporudi akisema hawezi kulala bila mito mitatu, haifai kuambiwa kwamba ni uchovu wa kunyonyesha.

Suala la chakula lina unyeti wake, kwa kuwa wagonjwa wetu hulishwa na ndugu zao, na ndugu anayeleta supu ya chumvi kutoka mbali analeta upendo. Asigombezwe. Aelezwe, siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, kwamba mgonjwa huyu chumvi inamrudishia maji kifuani, na kwamba ugali wake apikiwe mboga isiyotiwa chumvi mezani wala kuungwa kwa viungo vya pakiti ambavyo vimejaa chumvi. Watu wetu huelewa wanapoelezwa.

Sasa kuhusu gharama. Ninajua kwamba mnapanga bajeti mkiwa na upungufu wa watumishi, na kwamba fedha za bima huchelewa. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba ni wino na nidhamu. Mstari mmoja kwenye karatasi ya kupokelea na kwenye ripoti ya zamu: kichochezi, na kilichofanyika juu yake. Mizani moja inayofanya kazi katika kila wodi, mgonjwa wa moyo apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, kwa kuwa ongezeko la zaidi ya kilo 2 katika siku tatu ni maji, na huonekana kwenye mizani kabla halijaonekana kwenye miguu. Karatasi za mashine ya umeme wa moyo ziwekwe kwenye mahitaji ya lazima yanayoagizwa Bohari ya Dawa, maana nimeona katika vituo zaidi ya kimoja mashine nzima ikikaa kabatini kwa kukosa karatasi. Kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo hakipo kila mahali, lakini mashine ya kutazamia ujauzito ipo karibu kila hospitali ya wilaya, na daktari aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kuitumia kuona kama mfuko wa moyo umejaa maji.

Kinachohitaji uamuzi wenu mzito zaidi ni mapitio. Kila mama anapokufa kwa uzazi, hospitali zetu hukaa kikao, jalada hufunguliwa, na huulizwa nini kilitokea saa ngapi. Vikao hivyo vimefundisha watumishi mengi kuliko semina. Ninaomba kikao cha namna hiyo, mara moja kwa mwezi, kwa kila mgonjwa ambaye moyo wake ulishindwa ghafla akiwa tayari amelazwa kwa jambo jingine. Kisiwe cha kumtafuta wa kumwadhibu, kwa sababu mtumishi anayeogopa barua ya onyo hataandika kamwe kwamba dripu ilipita kiasi, na daftari litajaa neno moja: presha.

Na anaporuhusiwa asiachwe aende na vidonge vya wiki mbili na tarehe ya kliniki ya mwezi ujao. Jaribio lililofanyika katika nchi 14, baadhi yake barani Afrika, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba wagonjwa walioonwa tena wiki moja baada ya kuruhusiwa na kufuatiliwa kwa karibu huku dawa zao zikipandishwa haraka, waliorudi wodini au kufa ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya asilimia 23.3 ya wale wa utaratibu wa kawaida. Mgonjwa wa Ludewa au Ileje hawezi kufuata kliniki ya mkoani kila wiki, hasa masika yakiharibu barabara, lakini zahanati ya kijiji chake ina mizani na mashine ya presha, na mganga wa zahanati anaweza kupiga simu wodini. Kliniki za VVU zimekwisha kutuonyesha kwamba mgonjwa aliyetulia anaweza kukabidhiwa dawa za miezi mitatu au sita bila madhara. Wa moyo naye, akishatulia, astahili hivyo hivyo, kwa kuwa dawa zilizokwisha katikati ya mvua ni kichochezi tunachoweza kukitabiri kwa kalenda.

Ninapendekeza kila hospitali ianze na wodi mbili, ya magonjwa ya ndani na ya upasuaji, kwa miezi mitatu, kisha daftari la vichochezi lisomwe katika kikao cha timu ya uendeshaji ya mkoa, takwimu zikiwa zetu wenyewe. Majibu yenu, yakikubali au yakikataa, ninaomba yabandikwe kwenye mbao za matangazo za hospitali kwa Kiswahili, pamoja na maelezo kwamba ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kumuuliza muuguzi dripu hii ni ya nini na itakoma saa ngapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Iringa.